Kompyuta Imepandishwa, Printa Imenyamaza
Kijitabu kwa wenye sekretaria za Butembo na Beni

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Ndiyo maana kompyuta zinapandishwa kwenda Windows 11, na hapo ndipo fadhaa inapoanza: mwanafunzi amesimama na TFC yake, kazi ya kumaliza masomo, ndani ya flashi, siku ya kuiweka ni kesho, na kwenye kioo, imprimante yako imeandikwa « Hors connexion ». Usikimbilie kununua nyingine. Mara nyingi iliyopo ni nzima.

Anza na printa yenyewe

Kwa vitufe vyake, iamuru itoe ukurasa wa maelezo. Ukitoka safi, wino na karatasi havina kosa. Kwenye ukurasa huo tafuta anwani yake ya mtandao, mfano 192.168.1.20. Kwetu umeme hukatika, jenereta huwashwa, modemu huanza upya na kuweza kuipa printa anwani nyingine, huku kompyuta ikiendelea kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Andika anwani hiyo katika kivinjari. Ukurasa wa printa ukifunguka, njia iko wazi: ingia « Imprimantes et scanners », iongeze upya kwa anwani hiyo, kisha katika modemu uifungie iwe ya kudumu.

Kazi zikirundikana bila kutoka, fungua « Services », simamisha « Spouleur d'impression », futa yaliyomo katika C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, uianzishe tena huduma. Kazi zilizokuwa zikingoja zitapotea. Waambie wateja mapema.

Namba 0x0000011b

Namba hii ya kosa huwapata wenye printa iliyochomekwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta moja, nyingine zikipitia humo. Mwaka 2021 yalifichuliwa matundu ya hatari katika huduma ya uchapishaji ya Windows. Lililovuma zaidi liliitwa PrintNightmare. Microsoft iliyaziba kwa awamu, na masasisho ya Septemba mwaka huo yakaanza kudai mawasiliano yaliyofichwa kati ya kompyuta na kompyuta. Moja ikibaki nyuma, nyingine huikataa.

Dawa ni kuzisasisha zote mbili. Ikiwa inayobeba printa bado ni Windows 7, ambayo msaada wake wa kawaida uliisha Januari 2020, hamishia printa kwenye kompyuta mpya zaidi. Printa yenye tundu la mtandao iunganishe moja kwa moja na modemu, na shida hii itaondoka kabisa.

Wapo mafundi wanaouzima ulinzi huo katika rejista. Ni kweli, printa itachapa. Lakini flashi za watu wengi zinaingia katika kompyuta hizo kila siku, zikiwa na vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya viwanja, karatasi za forodha za wafanyabiashara wetu. Tunawasihi: msikubali.

Kabla ya kompyuta inayofuata

Pandisha moja tu kwanza, uchape nayo siku nzima. Windows 11 ni ya biti 64 pekee, hivyo programu ya zamani ya printa ya biti 32 haitaingia. Siku intaneti inapokwenda vizuri, pakua inayofaa kutoka kwa mtengenezaji, uiweke kwenye flashi isiyoazimwa, na anwani ya printa uibandike ubavuni mwa printa yenyewe.