Kabla ya kupanda mti, tuulize ardhi ni ya nani

KILA aliyepita madrasa amefundishwa kuwa kupanda mti ni sadaka. Katika hadithi ya Anas (r.a) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w) ametubainishia kuwa Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Ndiyo maana mkazi wa mjini anayenunua ekari za miti Mufindi, Kilolo au Njombe hujiona amepata mambo mawili kwa mpigo: faida ya mbao na thawabu. Siku hizi limeongezwa la tatu, nalo ni hewa ukaa.

Tuanze na jambo lenyewe. Mti unaopandwa zaidi huko ni msindano, ambao wengi tunauita paina. Asili yake ni Mexico. Huota hata kwenye udongo uliochoka, kwa sababu mizizi yake hushirikiana na kuvu walioko ardhini katika kufyonza virutubisho. Katika shamba la Serikali la Sao Hill, wilayani Mufindi, majaribio yalianza mwaka 1939, na upandaji mkubwa ukafuata miaka ya 1970.

Mti huvuta hewa ukaa na kuigeuza kuwa mbao. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Mbao ikikaa kwenye paa la msikiti miaka hamsini, kaboni hiyo imefungwa miaka hamsini. Shamba likiungua, inarudi hewani siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye sheria. Uislamu umempa haki mtu anayehuisha ardhi iliyokufa, yaani ardhi isiyo na mwenyewe wala manufaa kwa watu. Lakini hadithi hiyo hiyo, iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Said bin Zayd (r.a), inaongeza kuwa mzizi uliopandwa kwa dhulma hauna haki. Abu Daud amepokea pia kisa cha mtu aliyepanda mitende katika ardhi ya mwenzake. Mtume (s.a.w) aliamua kuwa ardhi ni ya mwenyewe, na akamwamuru aliyepanda aiondoe mitende yake. Ilikatwa kwa mashoka ilhali imekwisha kuwa mirefu.

Tuzingatie hapo. Mtende ni mti wa baraka, lakini uzuri wa mti haukuhalalisha dhulma. Itakuwaje kwa paina?

Kwa hiyo yapo maswali matatu ya kujiuliza.

Kwanza, je, ardhi hiyo kweli imekufa? Mtu wa mjini akiona nyasi tupu hudhani ni pori. Kumbe ndipo wanapochunga ng'ombe na kukata nyasi za kuezekea. Mafakihi wamesema malisho ya kijiji hayahesabiwi kuwa ardhi iliyokufa. Aidha, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji ipate ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kugawa ardhi. Makubaliano na mzee mmoja chini ya mti hayatoshi.

Pili, je, maji yatabaki? Paina hunywa maji kuliko nyasi. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya maji ya mwaka 1998, imeyaweka mashamba ya miti ya biashara katika shughuli zinazopunguza maji ya mito. Kwetu, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Anayepanda hadi ukingoni mwa kijito, vinyungu vya watu bondeni vikakauka, amewanyima kitu ambacho Mtume (s.a.w) amefundisha kuwa watu wanashirikiana.

Tatu, je, kipimo ni cha kweli? Tanzania ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022. Anayeuza kaboni anauza kitu ambacho mnunuzi hakioni. Akihesabu miti iliyokufa, au akaahidi miaka thelathini huku akikusudia kukata mwaka wa kumi, huyo hana tofauti na muuza mchele anayepunja mizani. Suratul Mutaffifiin inamhusu.

Sisemi tusipande. Mlima uliomomonyoka unahitaji mizizi, na paina si haramu. Lakini anayetaka kununua shamba apande basi, afike mwenyewe, aombe muhtasari wa mkutano wa kijiji, aulize wachungaji na akina mama wateka maji. Aache nafasi ya miti ya asili kando ya maji, na asafishe njia za kuzuia moto.

Akifanya hivyo, sadaka yake itatimia. Asipofanya, huenda Siku ya Hesabu akawakuta mbele yake watu wa kijiji ambacho hakuwahi kulala hata usiku mmoja.

Wallahu a'alam.