Somo: Samaki wa Mapambo na Malezi ya Mayai Yake

Ndugu makatibu na wanachama, kila inapotajwa biashara ya samaki wa mapambo, wapo wanaodhani kwamba kazi ni kutupa kimia kidogo penye matumbawe na kuhesabu fedha. Somo hili lahusu samaki mmoja tu: yule mdogo wa rangi ya machungwa, mwenye mstari mweupe mgongoni, akaaye ndani ya anemoni, yaani kile kiumbe laini chenye mikono mingi iwashayo. Wavuvi wa Ghuba ya Chole wamemzoea. Waliokaa kumtazama ni wachache.

Katika anemoni moja huishi kundi dogo. Mkubwa kuliko wote ni jike; wa pili kwa ukubwa ni dume lake; waliobaki ni wadogo wasiozaa. Jike hutaga mayai mamia kadhaa juu ya mwamba uliosafishwa, kando ya shina la anemoni, ili mikono ile iyakinge. Tangu hapo mzigo mkubwa wa malezi ni wa dume. Huyapepea mayai kwa mapezi yapate hewa, huyatoa kwa kinywa yaliyokufa yasije yakaharibu mazima, na humfukuza kila ajaye, hata mzamiaji aliyemzidi mara elfu. Baada ya siku saba hivi macho ya watoto huonekana yaking'aa ndani ya mayai, kisha huanguliwa usiku, jua likisha kutua. Hapo malezi hukoma. Watoto huchukuliwa na maji, wakaelea wiki moja au mbili kabla ya kutafuta anemoni ya kukaa. Sivyo alivyo perege wa Rufiji, ambaye jike lake huatamia mayai kinywani, na hata watoto wakisha kuogelea huwarudisha humo aonapo hatari.

Basi mtu akilinasa dume, mayai huliwa. Akilinasa jike, hutokea jambo la ajabu, lililoelezwa na Hans na Simone Fricke mwaka 1977: dume hugeuka jike, na mmoja wa wadogo hukua akashika nafasi ya dume. Lakini mageuzi hayo huchukua wiki nyingi, na kwa muda wote huo hapana yai linalotagwa.

Njia iliyo bora ni kuzalisha ndani ya matangi ya vioo. Jozi moja iliyotulia hutaga tena na tena, hata mara mbili kwa mwezi. Ugumu hauko katika kutaga bali katika chakula: kifaranga ni mdogo mno, hali unga wala makombo; hutaka vijidudu hai viitwavyo rotifa, navyo rotifa hutaka mwani wao. Vyote hivyo sharti viwe tayari kabla mayai hayajaanguliwa. Tena umeme wa pampu usikatike. Chama kisichoweza hayo kisikope fedha kwa kazi hii.

Tangu mwaka 1995 ghuba hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Katibu asilete mbele ya mkutano hoja ya kukamata hata jozi ya kwanza kabla ya kupata jibu la hifadhi kwa maandishi.