Meno ya Mtoto Mdogo: Cha Kununua na cha Kukataa

Mji wa Tunduma ni mji wa biashara. Malori yanayoelekea Zambia na Kongo husubiri zamu yake barabarani, na kandokando yake hupita wachuuzi wa pipi, biskuti, soda na juisi za pakiti, baadhi zikiwa zimetoka upande wetu wa mpaka na nyingine upande wa Nakonde. Mzazi anayefanya kazi katika mazingira hayo hununua vitu vingi kwa haraka, na sehemu kubwa ya vitu hivyo huishia kinywani mwa mtoto. Somo hili tumemwandikia mzazi huyo, na vilevile mwenzake wa Vwawa, Momba, Ileje na Mkwajuni, kwa sababu mlaji mwenye umri wa miezi minane hawezi kusoma lebo wala kukataa huduma mbaya.

Tuanze na huduma moja ambayo tunaomba ikataliwe kabisa.

Katika sehemu nyingi za Tanzania ipo imani kwamba mtoto mchanga anayeharisha, kutapika au kupata homa kali ameota “meno ya plastiki”, ambayo wengine huyaita meno ya nailoni. Mtoto hupelekwa kwa mtu anayejulikana mtaani, naye hupasua ufizi kwa wembe, kwa spoki ya baiskeli iliyochongwa, au hata kwa ukucha, kisha hutoa kitu cheupe, laini, na kumwonyesha mama. Mama hulipa na kuondoka akiamini ameuona ugonjwa kwa macho yake. Wataalamu wa kinywa na meno nchini wamekuwa wakiandika juu ya jambo hili tangu miaka ya 1980, na imani kama hiyo imekutwa pia Uganda, Kenya na Sudan Kusini.

Kitu kile cheupe ni jino halisi ambalo halijakomaa. Meno yote ya utotoni huanza kutengenezwa ndani ya taya kabla mtoto hajazaliwa. Chonge la mtoto huchomoza akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, lakini miezi mingi kabla ya hapo hufanya uvimbe mdogo mweupe unaoonekana kwenye ufizi. Ndiyo sababu kila mtoto mchanga anaweza “kukutwa” na meno ya plastiki, awe mgonjwa au mzima. Anayetaka kuhakikisha na afunue ufizi wa mtoto wa jirani asiyeumwa.

Kwa nini basi ugonjwa na uvimbe huja pamoja? Katika umri wa miezi minne hadi minane mtoto huanza kutia kila kitu mdomoni, huanza kutambaa, hupewa uji na maji kwa mara ya kwanza, na kinga aliyoipata kwa mama yake imekwisha kupungua. Ni umri wa kuharisha. Na kwa nini wengine hupona baada ya kupasuliwa? Kwa sababu kuharisha kwingi hukoma kwenyewe baada ya siku chache, na sifa humwendea aliyeshika wembe. Wale wasiopona hawasimuliwi sana.

Madhara yake si madogo. Mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji hupoteza damu. Kifaa kilichotumika kwa watoto kadhaa kinaweza kubeba pepopunda, virusi vya UKIMWI na uambukizo wa damu. Chonge la ukubwani, ambalo mbegu yake iko karibu na pale palipochokolewa, laweza kuota likiwa na kilema au lisiote kabisa. Baya kuliko yote ni muda unaopotea: homa ile yaweza kuwa malaria au nimonia, na saa zilizotumika kwa mpasuaji ndizo ambazo zingetumika kumpima na kumtibu. Mtoto anayeharisha anahitaji kuendelea kunyonya, kupewa maji ya ORS na dawa ya zinki kwa siku 10 hadi 14. Mwenye homa anahitaji kipimo cha malaria. Vitu hivi hupatikana zahanati. Ikiwa mama mkwe au bibi ndiye anayeshikilia kwamba ni meno, tunashauri aende naye huko, amsikilize mganga mwenyewe; tumeona kwamba mabishano ya nyumbani hayasaidii.

Sasa tugeukie cha kununua. Usafi wa kinywa huanza na kitambaa safi kilicholoweshwa, cha kufutia ufizi kabla meno hayajaota. Jino la kwanza likichomoza, kwa kawaida karibu na miezi sita, mtoto anastahili mswaki wake mwenyewe, mdogo na wenye nywele laini, wala si ule wa kaka yake. Mswaki wa mti ni mzuri katika mkono wa mtu mzima aliyeuzoea, lakini haufai katika kinywa kidogo. Mkaa na majivu huparuza jino, na visitumike.

Katika dawa ya meno, kinachofanya kazi ya kinga ni madini ya floraidi; povu na ladha ni mapambo tu. Lebo nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo tafuta neno linaloanza na herufi fluor, na namba 1000 au zaidi kidogo, isiyovuka 1500, ikifuatwa na herufi ppm. Dawa nyingine zenye picha za katuni hazina floraidi ya kutosha, ingawa bei yake ni kubwa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, paka kiasi cha punje moja ya mchele. Kuanzia miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Afundishwe kutema, kwa maana floraidi nyingi ikimezwa siku hadi siku huacha madoa kwenye meno ya ukubwani yanayotengenezwa wakati huo. Mswaki upigwe mara mbili kwa siku, wa usiku ukiwa wa mwisho kabla ya kulala, na mkono uwe wa mzazi hadi mtoto afikishe miaka saba hivi.

Meno ya utotoni ni 20, na wengi husema “yatang'oka tu”. Hung'oka, ndiyo, lakini ya nyuma hukaa hadi miaka 10 au 12, na kazi yake mojawapo ni kuyashikia nafasi yale yajayo. Mtoto mwenye jino linalouma hali vizuri wala halali. Adui mkubwa hapa ni sukari inayorudiwa-rudiwa, na hasa chupa ya chai ya maziwa au juisi anayolala nayo mdomoni. Chupa ya usiku iwe na maji tu. Kila mwezi inua mdomo wake wa juu utazame: mstari mweupe kama chokaa karibu na ufizi ni dalili ya kwanza ya kuoza, na katika hatua hiyo floraidi na kupunguza sukari huweza kuzuia tundu. Ukisubiri hadi shavu livimbe, mara nyingi litakalobaki ni kung'oa.

Unaponunua, angalia alama ya ubora ya TBS na tarehe ya mwisho ya matumizi, na uombe risiti. Bidhaa iliyopita muda au isiyo na alama ipelekwe kwa TBS, ambayo ina wakaguzi kwenye kituo cha mpaka wa Tunduma. Bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani. Kwa matibabu, anza na kituo cha afya kilicho karibu, nacho kitatoa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Vwawa, ikihitajika. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka msamaha wa malipo katika vituo vya umma kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Chukua kadi ya kliniki inayoonyesha tarehe ya kuzaliwa, na ukidaiwa fedha dirishani, omba kuonana na mganga mfawidhi kabla ya kulipa au kuondoka.