Kuhama, Kuondoka, Kukimbia: Somo la Tangazo Moja mjini Goma

Katika semantiki tunafundishwa kwamba visawe kamili ni adimu. Mimi nilijifunza hilo kabla ya kuingia chuo, alfajiri ya Mei 27, 2021, mjini Goma.

Siku tano kabla, jioni ya Mei 22, Nyiragongo ilikuwa imelipuka. Lava ilishuka hadi Buhene, ukingoni mwa mji, ikasimama hapo. Lakini ardhi iliendelea kutetemeka, na wataalamu waliogopa kwamba magma imeingia chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu, ambalo maji yake ya kina yamejaa gesi. Ikaamriwa kartie 10 kati ya 18 za Goma ziachwe.

Ujumbe ulionifikia kwenye simu ulikuwa wa Kifaransa: «évacuation préventive». Mama mkubwa akaniambia: «Tafsiri.» Nikamjibu: «Wanasema tuhame, ni kwa kuzuia.» Akaanza kufunga magodoro na sufuria. Kisha akauliza: «Nani amezuia barabara?» Tulipoteza karibu saa mbili, na tulipotoka barabara ya Sake ilikuwa imejaa watu.

Kosa lilikuwa langu, si lake. Tulichambue.

Kwanza, *kuhama* ni kubadili makao: anayehama hubeba vyombo. Mama mkubwa alitii kitenzi nilichompa.

Pili, *kuzuia* hudai shamirisho. Nisipotaja kinachozuiwa, msikilizaji hujitafutia mwenyewe, na katika mkoa wa vita kinachozuiwa mara nyingi ni barabara.

Tatu, *kukimbia* lingetutoa haraka, lakini kwetu neno hilo ni la risasi. Lingeleta hofu bila kutaja volkano.

Limebaki *kuondoka*. Halidai vyombo, halitishi, wala halifungi mlango wa kurudi.

Sasa ningeandika hivi: «Volkano inaweza kulipuka tena. Ondokeni sasa, muende Sake. Chukueni watoto, wagonjwa, maji, dawa na makaratasi. Acheni vyombo. Msirudi mpaka tutangaze.» Sentensi ni fupi, kila amri ina tendo moja, na sababu imetangulia.

Tangazo la kurudi nalo lahitaji uangalifu uleule. «Mnaweza kurudi» haitoshi, kwa maana hatari haikwishi pamoja na moto. Mabomba ya maji yakiharibika, watu huchota ziwani, na kipindupindu hufuata, basi iandikwe: «Chemsheni maji.» Kuhusu gesi, wenyeji wana neno tayari: *mazuku*, yaani hewa nzito isiyoonekana, inayojikusanya mabondeni na kuua mbuzi na watu. Wanasayansi wa nje wamelichukua neno hilo hilo katika maandishi yao. Kwa hiyo tusiseme «dioksidi ya kaboni» pale ambapo «msilaze watoto bondeni, kuna mazuku» inaeleweka na kila nyanya.

Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, ikapasua katikati ya Goma mwaka 2002, ikarudi 2021. Itarudi tena. Wataalamu wa volkano watasoma mitambo yao. Kazi yetu, wanafunzi wa lugha, ni kuandaa matangazo wakati mlima umetulia, na kuyajaribu.

Zoezi: andika tangazo la mafuriko au maporomoko ya udongo kwa kartie yako, maneno yasiyozidi 30. Lisome mbele ya mtu asiyejua Kifaransa. Usimuulize kama ameelewa. Muulize atabeba nini.