SOMO: JE, MAAFA HUPATANISHA WANAOGOMBANA?

Husemwa kwamba maafa huwaunganisha hata maadui. Katika somo hili tuangalie sehemu mbili zilizopigwa na tsunami ileile ya tarehe 26 Desemba 2004.

Aceh, Indonesia
Serikali na waasi wa GAM walikuwa wakipigana tangu mwaka 1976. Mwezi mmoja baada ya tsunami walikutana Helsinki, wakisuluhishwa na Martti Ahtisaari, Rais mstaafu wa Finland. Tarehe 15 Agosti 2005 walitia saini mkataba. Waasi walisalimisha silaha, na amani imedumu. Lakini tukumbuke kwamba mawasiliano yalianza kabla ya tsunami. Maafa yaliongeza msukumo tu.

Sri Lanka
Huko serikali na Tamil Tigers walikuwa wamesimamisha mapigano tangu 2002. Juni 2005 walikubaliana kuunda chombo cha pamoja cha kugawa misaada. Waislamu wa mashariki, walioumizwa sana na tsunami, hawakuwemo kati ya waliotia saini. Kundi la kisiasa lilipinga mahakamani, na Julai Mahakama ya Juu ikasimamisha vipengele muhimu. Chombo hicho hakikufanya kazi. Mwaka 2006 vita vilirudi, vikaendelea hadi Mei 2009.

Tunajifunza nini?
1. Msaada si chakula na mabati tu. Anayeshika orodha ameshika madaraka.
2. Wanaoachwa nje hawasahau. Hata Aceh, waliopoteza nyumba kwa vita walipata kidogo kuliko waliopoteza nyumba kwa maji, na manung'uniko yalitokea.
3. Mazungumzo yaanze kabla ya maafa.

Nasi tujichunguze. Wakati wa njaa tumewahi kupokea orodha ya kijiji bila kuuliza nani hayumo. Wakulima walipata mahindi. Wafugaji waliokuwa malishoni walirudi wakakuta ghala tupu. Hatukuwa na nia mbaya, lakini tuliongeza chuki iliyokuwepo tayari kwenye kisima na malisho. Siku hizi orodha husomwa hadharani, na kamati huwa na wajumbe wa pande zote, wanawake wakiwemo.

Maswali ya kujadili
- Katika eneo letu, ni nani huachwa nje ya orodha?
- Mgao ukileta malalamiko, yanapelekwa kwa nani?
- Tunaweza kuanza kuzungumza na nani leo, kabla ya mafuriko au ukame ujao?