Mali Bila Daftari: Nafasi ya Nyaraka za Kitaifa katika Elimu ya Uraia Nchini Kenya

IKISIRI

Makala haya yanachunguza nafasi ya hifadhi ya nyaraka za taifa katika kueneza historia ya umma na elimu ya uraia nchini Kenya. Hoja kuu ni kwamba waraka haumfaidi mwananchi kwa kuhifadhiwa tu. Humfaidi anapojua kuwa upo, anaporuhusiwa kuuona, na anapoweza kuusoma na kuuhoji. Ili kuithibitisha hoja hii, makala yanarejelea kesi ya wapiganaji wa Mau Mau iliyosikizwa jijini London, kisha yanatoa somo fupi kuhusu namna ya kusoma waraka. Hatimaye, yanabainisha jukumu la mwanafunzi wa Kiswahili katika kazi hii.

1.0 UTANGULIZI

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mfanyabiashara asiyeandika anachouza na anachokopesha. Hata hivyo, taifa nalo lina mali yake: ardhi, kodi, mikataba, na maamuzi yanayofanywa kwa jina la wananchi. Daftari la mali hiyo ni nyaraka za umma. Zikipotea, au zikifungiwa mahali pasipofikika, mwananchi hana la kumwonyesha anayemkana.

Katikati ya jiji la Nairobi, baina ya barabara ya Moi na ile ya Tom Mboya, limesimama jengo ambalo zamani lilikuwa benki na ambalo sasa ni makao ya nyaraka za kitaifa. Ni nadra kumpata mkazi wa Nairobi asiyelijua. Watu huahidiana kukutana mbele yake, wakasubiriana hapo, kisha wakaenda zao. Swali linalozua makala haya ni hili: kwa nini jengo linalojulikana na wengi kiasi hicho kwa nje lijulikane na wachache kwa ndani? Na je, taifa linapata hasara gani kwa hali hiyo?

2.0 UFAFANUZI WA ISTILAHI

Kabla ya kuzama katika mada, ni muhimu kufafanua istilahi chache. Neno waraka lina asili ya Kiarabu, ambako hurejelea jani au karatasi. Katika Kiswahili, waraka ni andiko lenye ujumbe, na wingi wake ni nyaraka. Nyaraka za umma basi ni maandishi yaliyotokana na shughuli za serikali: barua, ripoti, ramani, kumbukumbu za mikutano, sajili na picha. Nchini Kenya, mahali zinapohifadhiwa pia huitwa makavazi. Baadhi ya watu hulitumia neno hili kwa maana ya makumbusho, yaani mahali pa kuonyeshea vifaa vya kale. Katika makala haya tutazitenga dhana hizi mbili. Makumbusho hutuonyesha kitu; hifadhi ya nyaraka hutupa ushahidi wa jambo lililotendwa, aliyelitenda, na tarehe aliyolitenda.

Historia ya umma ni historia inayotolewa nje ya mihadhara ya chuo kikuu ili iwafikie watu wote, kwa maonyesho, ziara, vipindi vya redio na masomo ya shule. Elimu ya uraia nayo ni mafunzo yanayomwezesha mtu kuzijua haki na wajibu wake, na kuzitumia. Dhana hizi mbili hukutana katika hifadhi ya nyaraka, kwa kuwa humo ndimo mna kumbukumbu ya uhusiano baina ya mtawala na mtawaliwa.

3.0 HIFADHI YA NYARAKA NCHINI KENYA

Idara ya nyaraka za kitaifa iliasisiwa kwa sheria ya bunge mwaka wa 1965, miaka miwili baada ya uhuru. Kwa mujibu wa sheria hiyo, nyaraka za umma kwa kawaida hufunguliwa baada ya kutimiza umri wa miaka 30. Miongoni mwa hazina zake ni ripoti za kila mwaka za mikoa na wilaya za enzi ya ukoloni, taarifa ambazo mkuu wa wilaya alimwachia mrithi wake alipohamishwa, na barua zilizopelekwa na kupokewa na maofisa. Nyaraka hizi hupangwa kwa alama. Mathalani, zile zilizotoka kwa mkuu wa mkoa wa Pwani huanza na herufi PC/COAST. Mtafiti akiijua alama, ameshapata ufunguo wa mlango.

Huduma za idara hii kwa umma tunaweza kuzigawa katika mafungu matatu. Kwanza, kuna maonyesho. Ghorofa ya chini ina ukumbi uliopewa jina la Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966 na ambaye mkusanyiko wake wa sanaa za Kiafrika ulinunuliwa na serikali. Pili, kuna ziara za wanafunzi. Tatu, kuna chumba cha kusomea, ambamo msomaji huomba faili na kuletewa. Nje ya Nairobi, idara ina vituo katika miji kama vile Mombasa, Nakuru na Kakamega.

Huduma hizi ni za kupongezwa. Hata hivyo, zina pengo. Mgeni anayeingia ukumbini huona vinyago, vito na picha, akatoka ameridhika pasipo kujua kwamba juu yake mna faili zinazoeleza jinsi shamba la babu yake lilivyobadilisha mikono. Kinachohitajika ni daraja kutoka ukumbini hadi chumba cha kusomea. Aidha, katika miaka ya 1960 sehemu ya nyaraka hizo ilinakiliwa katika filamu ndogo na nakala zake zikapelekwa Chuo Kikuu cha Syracuse nchini Marekani. Kwa hiyo, mwanafunzi wa Syracuse angeweza kuzisoma taarifa za wilaya ambazo mwalimu wa shule ya wilaya hiyo hiyo hajawahi kuzisikia.

4.0 NYARAKA NA HAKI: FUNZO LA KESI YA MAU MAU

Huenda msomaji akauliza: karatasi kuukuu zina faida gani kwa raia anayetafuta unga wa leo? Jibu limo katika kesi iliyowasilishwa katika Mahakama Kuu jijini London mwaka wa 2009. Wazee watano Wakenya, wanaume kwa wanawake, waliishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso waliyotendewa kizuizini katika miaka ya 1950. Serikali hiyo ilidai kwamba dhima yoyote ilihamia kwa serikali ya Kenya wakati wa uhuru. Hoja hiyo ilipokataliwa mwaka wa 2011, ilidai kwamba muda mrefu mno ulikuwa umepita, hivyo kesi isingeweza kusikizwa kwa haki.

Mwaka huo huo wa 2011 ilifichuka kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imeficha katika jengo la Hanslope Park faili zipatazo 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani. Miongoni mwazo mlikuwa na faili zilizotolewa Kenya kabla ya bendera ya mkoloni kushushwa Desemba 1963. Serikali ya Kenya ilikuwa imedai kurejeshewa nyaraka zake tangu mwaka wa 1967 pasipo kufanikiwa. Mnamo Oktoba 2012, jaji aliamua kwamba madai ya wazee watatu yangeweza kuendelea. Sababu mojawapo ilikuwa wingi wa nyaraka zilizosalia: mashahidi wengi walikuwa wamefariki, lakini karatasi zilikuwa bado zinasema.

Tarehe 6 Juni 2013, serikali ya Uingereza ilitangaza kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228, na ikakiri kwamba Wakenya waliteswa na utawala wa kikoloni. Hapa tunapata mafunzo mawili. Kwanza, anayeficha nyaraka huwa anaijua thamani yake kuliko anayefichwa. Pili, ushuhuda wa mdomo na ushahidi wa maandishi hukamilishana. Wazee walikuwa wakiyasimulia mateso yao kwa miongo mingi. Faili ziliwafanya wasikizwe na wale waliokuwa wamekataa kuwasikiza.

5.0 SOMO: NAMNA YA KUSOMA WARAKA

Mataifa mengine yamelitambua jambo hili mapema. Nchini Marekani, hifadhi ya kitaifa imewaonyesha wageni Azimio la Uhuru na Katiba katika ukumbi wake wa Washington. Hata hivyo, haikukomea hapo. Imewaandalia walimu nakala za nyaraka pamoja na karatasi za maswali, na mnamo mwaka wa 2010 ilizindua mtandao wa DocsTeach kwa ajili ya madarasa. Kiini cha mbinu hiyo ni kwamba mwanafunzi hapewi hitimisho. Hupewa ushahidi na maswali.

Hebu tuitumie mbinu hiyo kwa mfano wa hapa nyumbani, yaani kipande. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka wa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba cheti chenye alama za vidole na maelezo ya kazi yake. Wengi walikitia katika kikopo cha chuma na kukivaa shingoni. Tukikishika kipande kama waraka, tujiulize maswali yafuatayo:

(a) Nani aliuandika? Kipande kilitolewa na serikali na kujazwa na mwajiri. Mwenye kukivaa hakuwa na nafasi ya kuandika neno lake.

(b) Uliandikwa kwa nia gani? Ulimwezesha mwajiri na polisi kumfuatilia mfanyakazi aliyeacha kazi bila ruhusa.

(c) Unanyamazia nini? Unataja mshahara, lakini hausemi kama ulitosha. Unataja tarehe ya kuacha kazi, lakini hausemi sababu kwa kauli ya mfanyakazi.

(d) Ushahidi mwingine unasema nini? Swali hili ndilo zito zaidi. Kipande kilikuwa mojawapo ya malalamiko yaliyomfanya Harry Thuku akusanye watu. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye, umati uliokuja kudai aachiliwe ulipigwa risasi nje ya kituo cha polisi jijini Nairobi, karibu na palipo na Chuo Kikuu cha Nairobi leo. Miongoni mwa waliouawa alikuwemo Muthoni Nyanjiru. Hesabu ya serikali ilitaja watu 21 waliokufa. Waafrika walioshuhudia walitaja idadi kubwa zaidi.

Mwanafunzi aliyezingatia swali la nne hatachukua idadi moja na kuitupa nyingine. Atauliza ni nani aliyehesabu, alihesabu wapi, na angefaidika vipi kwa kupunguza au kuongeza. Hiyo ndiyo elimu ya uraia kwa vitendo. Anayejua kuihoji ripoti ya mwaka wa 1922 atajua pia kuihoji ripoti ya fedha za kaunti yake.

6.0 SUALA LA LUGHA

Katiba ya mwaka wa 2010 inatamka katika kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 ikafafanua zaidi: ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, asiyeweza kuandika husaidiwa na ofisa husika, jibu hutolewa katika muda wa siku 21, au saa 48 iwapo habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, na ombi lenyewe halitozwi ada.

Ni dhahiri kwamba mwananchi anaweza kuomba kwa Kiswahili. Tatizo ni kwamba atakachopokea, mara nyingi, kimeandikwa kwa Kiingereza cha maofisa. Mlango umefunguliwa kwa lugha moja na chumba kimejaa lugha nyingine. Kifungu cha 67 cha Katiba kinaipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi mamlaka ya kuchunguza dhuluma za kihistoria kuhusu ardhi. Mzee anayefuatilia dhuluma hiyo anahitaji ripoti ya wilaya ya wakati huo, na anahitaji kuielewa. Asipopata wa kumfasiria kwa uaminifu, atamtegemea dalali.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia. Sisi hujifunza tafsiri, isimu na uhakiki, kisha tukadhani kwamba kazi zetu ni riwaya na mashairi pekee. Kufasiri ripoti ya kale ni kazi inayohitaji ujuzi ule ule: kutambua sauti ya msimulizi, kubaini kejeli na dharau, na kutafuta kisawe kisichopotosha. Isitoshe, nyaraka hizo zimesheheni maneno ya Kiswahili kama vile kipande, baraza na shamba, ambayo maofisa waliyatumia kwa maana zao. Nani atayafafanua ila sisi?

7.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba hifadhi ya nyaraka ni shule ya uraia, bora mlango wake uwe wazi na lugha yake ieleweke. Tunapendekeza mambo matatu. Mosi, maelezo ya maonyesho yaandikwe pia kwa Kiswahili, na kila kifaa kiambatanishwe na waraka unaokihusu. Pili, walimu wa shule za upili waandaliwe nakala za nyaraka za wilaya zao pamoja na maswali ya kuzihoji. Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vitumie tarehe 9 Juni, ambayo ni Siku ya Kimataifa ya Nyaraka, kufasiri na kuwasomea wananchi angalau waraka mmoja.

Daftari tunalo, na limehifadhiwa kwa jasho la wengi. Lililobaki ni kulifungua. Atakayebisha hodi katika jumba lile badala ya kusubiriana na mwenziwe nje atakuwa ameanza kazi hiyo.

MASWALI YA MJADALA

1. Fafanua tofauti baina ya makumbusho na hifadhi ya nyaraka, ukitoa mifano.
2. "Karatasi zilikuwa bado zinasema." Jadili kauli hii kwa kurejelea kesi ya Mau Mau.
3. Chagua waraka wowote rasmi wa nyumbani kwenu, kama vile cheti cha kuzaliwa au stakabadhi ya kodi, kisha uuhoji kwa maswali manne ya sehemu ya 5.0.
4. Andika kwa Kiswahili sanifu barua ya kuomba habari kutoka kwa ofisi ya umma katika kaunti yako.