Chakula cha Kubeba Ukiwa Kwenye Dilivari: Kipashe Vizuri au Usikibebe

Leo tuache kidogo mambo ya picha na matangazo, tuongelee tumbo. Wengi wetu humu tunauza mtandaoni halafu mizigo tunapeleka wenyewe. Asubuhi uko Kariakoo kuchukua mzigo, mchana Sinza, jioni Gongo la Mboto. Sasa hapo katikati unakula wapi?

Mimi nauza vyombo vya jikoni. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakula popote njaa inaponikuta, mimi na kijana wa boda ninayezunguka naye. Siku moja nikasema ngoja niandike kwenye daftari. Sahani mbili 6,000, soda mbili 1,400, jumla 7,400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 192,400. Fremu yangu nalipia 150,000 kwa mwezi! Yaani tumbo lilikuwa linalipa kodi kubwa kuliko duka. Kesho yake nikaanza kubeba chakula cha nyumbani.

Na hapo ndo nikafanya kosa ambalo sitaki wewe ulifanye.

Nilipika wali mwingi usiku, nikaula, uliobaki nikaufunika kwenye sufuria juu ya jiko mpaka asubuhi. Friji sikuwa nalo. Asubuhi nikaupasha kidogo, nikautia kwenye kopo la aiskrimu, nikalichomeka kwenye begi katikati ya mizigo. Saa nane mchana tukamwomba mama lishe mmoja atupashie. Akapasha kweli, ukatoa mvuke, tukala na boda wangu tukashiba. Saa kumi na moja jioni tuko barabarani, yeye ndo akaanza. Akasimamisha pikipiki pembeni, akatapika. Dakika kumi baadaye na mimi. Oda tisa zilikuwa kwenye begi, zilifika mbili. Wateja watatu wakaghairi, mmoja akaniandikia maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa. Boda wangu hakufanya kazi siku mbili, na pikipiki ile ni ya mkataba, hesabu ya bosi haijui kama umetapika. Nilimlipia hizo siku mbili kwa sababu chakula kilikuwa changu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilidhani nimefanya sahihi. Si ulipashwa ukatoa mvuke? Zahanati nikaelezwa, na baadaye nikasoma mwenyewe. Wali una vimelea vinavyoitwa Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa kwa kawaida. Wali ukishaiva ukakaa nje kwenye joto letu hili la Dar, zile mbegu zinaamka, zinazaliana, na zinatoa sumu. Sumu yenyewe haiharibiki ukipasha! Unaweza kuuchemsha wali kiporo mpaka uungue na sumu ikabaki palepale. Kutapika kunaanza kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Sisi ilikuwa saa tatu.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kiporo kikipashwa vizuri hakina shida, mwambie inategemea kililala wapi. Kupasha hakurudishi nyuma saa ambazo chakula kimekaa vibaya. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, na ukipasha kifike nyuzi 70 kote, mpaka katikati. Shika hizo namba tatu, maana ndo nitazitumia kupima kila njia hapa chini.

Tuanze na njia ninayotumia mimi siku nyingi: kutopasha kabisa. Unabeba kikiwa cha moto na unakikuta cha moto. Unahitaji flaski ya chakula, ile ya stili yenye mdomo mpana na kuta mbili. Katikati ya kuta hizo hewa imetolewa, ndo maana joto halipati pa kupita. Aliyebuni chombo cha namna hiyo ni James Dewar, mwanasayansi wa Uskoti, mwaka 1892, na wala hakuwa na habari na wali maharage, alikuwa anatunza gesi zilizopozwa mpaka zikawa maji. Hotpoti ya plastiki ya kawaida siyo kitu kimoja na hiyo. Hotpoti ni ya kutoa chakula jikoni kukipeleka mezani, siyo ya kutoka Mbagala mpaka Tegeta.

Najua hili kwa sababu nimepima. Kipimajoto cha chakula nilinunua elfu 12. Nilimimina maji yanayochemka kwenye hotpoti na kwenye flaski ya stili saa moja asubuhi, nikafungua saa saba mchana. Hotpoti ilisoma 47, flaski 66. Ya kwanza iko chini ya 60, maana yake wadudu wameshaanza sherehe. Na wewe pima ya kwako kabla hujaiamini, hata kama umenunua kwangu.

Flaski nzuri ukiitumia vibaya inakuwa hotpoti tu. Kosa la kila mtu ni kutia chakula kwenye flaski ya baridi. Ile stili ya ndani inakunywa joto la chakula chako kabla hujafunga. Mimi nikishaamka naijaza maji yanayochemka, nafunga, naiacha dakika kumi wakati chakula kinamalizikia jikoni. Namwaga maji, napakua palepale chakula kikiwa bado kinatokota, najaza mpaka juu. Ukiacha nafasi kubwa ya hewa, joto linashuka haraka. Halafu usifungue njiani kuchungulia kama bado cha moto! Kila ukichungulia unapunguza.

Kuhusu nini cha kubeba: vitu vyenye mchuzi vinakaa na moto vizuri, kama ndizi nyama, makande, maharage, supu. Wali nao unaenda, ila ule uliopikwa alfajiri hiyohiyo. Ugali kwenye flaski unatoka jasho na kuwa kama sabuni, kwangu mimi hapana. Chakula cha nazi kinachacha haraka, kama utachelewa kula usikibebe. Chipsi usijaribu. Kama huna friji, alfajiri pika vinavyoiva upesi. Maharage mimi nachemsha jioni, yakipoa kidogo naenda kuyaweka kwenye friji la mama mwenye nyumba, na asubuhi nayachemsha mpaka yatokote hasa, siyo kupata uvuguvugu. Kwa hilo friji nampelekea mfuko wa mkaa kila mwisho wa mwezi, hajawahi kuniomba ila natoa.

Njia ya pili ni jiko la mama lishe. Hii inahitaji adabu kuliko vifaa. Mara ya kwanza naenda kuomba Kariakoo nilisema, "Shikamoo mama, naomba unipashie chakula changu, nitakulipa." Akaitikia marahaba, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, unakuja na chakula kwangu mimi ninayeuza chakula?" Watu wakacheka, nikaona aibu. Ila alikuwa na haki. Siku hizi tuna makubaliano: nampa 500, maji na chai nanunua kwake, na siendi saa saba wakati wateja wamejaa na mafiga yote yana masufuria. Naenda saa tano na nusu au baada ya saa nane. Chakula nabeba kwenye kontena la stili, anaweka sufuria juu ya mkaa kikapashwa na kugeuzwa mpaka kitokote. Kopo la aiskrimu au la siagi lisiende karibu na moto, yale hayakutengenezwa kwa ajili hiyo.

Lakini kumbuka somo la wali wangu. Kama umetoka nyumbani saa moja na chakula kwenye kontena la kawaida, saa tano na nusu kimeshakaa saa nne na nusu. Mama lishe anakupashia tu, sumu haondoi. Ukitumia njia hii, chakula kiwe kimetoka kwenye friji kikiwa baridi kabisa na umekibeba pamoja na chupa ya maji yaliyoganda, au kiwe ndani ya flaski na yeye anaongezea moto tu.

Maikrowevu: kama unapeleka mizigo kwenye ofisi na wanakufahamu, omba. Katikati geuza chakula kwa kijiko, maana mashine hiyo inaunguza pembeni na kuacha katikati baridi. Stili usiingize.

Sasa tuje kwenye umeme, kwa sababu hapa ndo pesa zinapotea, na wengine humu ndo wauzaji wa hivi vitu. Kuna kontena za kupashia chakula za kuchomeka kwenye gari, na kuna za kuchomeka kwenye pawabenki. Fizikia kidato cha nne nilipata F, ila hesabu hii nimeielewa kwa sababu ilinigharimu.

Kilo moja ya maji inahitaji Juli 4,200 kupanda nyuzi moja. Chukulia chakula chako ni nusu kilo na kina mchuzi, tukihesabu kama maji. Kukitoa nyuzi 30 mpaka 80 ni kupanda nyuzi 50. Nusu mara 4,200 mara 50 ni Juli 105,000. Kontena la gari la Wati 40 linatoa Juli 40 kila sekunde, kwa hiyo linahitaji sekunde 2,625, kama dakika 44, na hapo hujatoa joto linalopotea hewani. Sema saa nzima. Kwa mtu mwenye Noah au kirikuu anayetembea huku injini inawaka, inafaa: chomeka saa sita, kula saa saba.

Ile ya pawabenki ya Wati 10? Gawanya mwenyewe: sekunde 10,500, karibu saa tatu. Na pawabenki ya 10,000 ina Juli 133,200 tu ukizidisha na ile Volti 3.7 ya betri ya ndani. Kwa hiyo chakula kimoja kinaimaliza karibu yote, kinafika uvuguvugu, na simu yako imezima na wateja wanapiga. Kwa muuzaji wa mtandaoni simu kuzima saa tisa mchana ni sawa na kufunga duka.

Boda nayo msiichomekee kontena. Betri ya pikipiki ya Ah 5 ina Wati-saa 60. Kontena la Wati 40 kwa saa moja injini imezimwa limekula theluthi mbili, kesho anapiga kiki mpaka mguu unauma.

Na kuna hili, ambalo sijawahi kuliandika humu. Mwaka jana nilimuuzia dereva wa lori kontena la gari kwa 35,000. Tangazo langu lilisema "linafaa kila gari". Lori lake lilikuwa la Volti 24, kontena la Volti 12. Volti ikiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Lilitoa moshi akiwa njiani kwenda Tunduma, plagi ikayeyukia kwenye tundu la kuwashia sigara. Alinitumia picha. Hakutukana, aliandika tu, "Mdogo wangu, ningekuwa nimelala ndani?" Nilirudisha 35,000 na pesa ya fundi wa tundu, na tangazo nikalifuta usiku ule. Siku hizi kila tangazo la kifaa cha umeme naandika Volti na Wati mstari wa kwanza, na mteja akiulizia namuuliza kwanza: gari gani? Nimepoteza mauzo kadhaa kwa swali hilo, na sijutii.

Kupika kwa mtungi mdogo wa gesi au mkaa ndani ya gari au ndani ya fremu iliyofungwa, hapana. Siyo moto tu, ile hewa ya monoksidi ya kaboni haina harufu, unasinzia na huamki. Mvua ikinyesha subiri, au kula mkate na ndizi siku hiyo.

Kwangu kwa sasa: flaski mbili za stili, moja yangu moja ya boda wangu, nilizinunua 32,000 kila moja kwa bei ya jumla. Kupika kwa siku kunanigharimu kama 3,500 kwa watu wawili, pamoja na gesi. Toa kwenye 7,400, nabakiwa na 3,900 kwa siku, 101,400 kwa mwezi. Flaski zilijilipa ndani ya siku 17. Kijana alichelewa kuziamini. Wiki mbili za kwanza alikuwa anafungua, ananusa, ananiangalia, ndo anakula. Sikumlaumu. Sasa hivi ananiuliza saa nne asubuhi leo tumepika nini.